Siku Tuliyoazima Utajiri

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ukinichelewesha kwenye foleni nasema, ukinirushia neno nakurudishia na chenji juu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunichemsha kama baba yangu mzazi, siku alipokaribia kunikosesha chuo kikuu kwa sababu ya ukarimu. Si ukali, si ubahili, wala si yale mambo ya kusema mtoto wa kike aolewe. Ukarimu. Leo nikisimulia watu wanacheka, na mimi nacheka, ila siku ile ningepata shimo ningeingia na kujifukia mwenyewe.

Kwetu ni kijijini, nje ya Mpanda, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kama mvua haijanyesha, na kama imenyesha, Mungu ndiye anajua. Babu na bibi walikuja huku kutoka Burundi baba akiwa mgongoni. Wakapewa pori, wakafyeka, wakalima. Baba naye analima mahindi, maharage na tumbaku, na kila mwaka tumbaku yake ikifika kwenye kupimwa daraja inakuta wapimaji wameamka vibaya. Nyumbani tunaongea Kirundi, kanisani nusu kwa nusu, na Kiswahili tunakitunza kwa ajili ya sokoni na serikalini. Baba ni mzee wa kanisa. Ni mtu wa kufa na tai shingoni, na hapo sitii chumvi, maana tai anayo kweli, moja, ya bluu, na akisikia mgeni anakuja anaivaa hata kama ametoka kupalilia.

Katika ukoo wetu wote, mimi ndiye wa kwanza kumaliza kidato cha sita. Nikafaulu, na chuo kikanipokea kusomea uuguzi. Furaha nyumbani ilidumu siku mbili, mpaka baba alipouliza ada. Nikamtajia. Akauliza tena, labda nimekosea mara ya kwanza. Nikamtajia ile ile. Dirisha la mkopo lilikuwa limeshafungwa mimi bado nikihangaikia cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Ndipo mkuu wangu wa shule, mama mmoja mwenye huruma nyingi na sauti ya kuamsha bweni zima, akanipigia simu kwamba kuna shirika linafadhili wasichana wa mikoa kama yetu, ambako wanaofika chuo kikuu bado ni wa kutafuta kwa tochi. Linalipa ada, chakula, malazi, mpaka nauli. Nikipata, nasoma. Nikikosa, nafasi yangu inakwenda kwa mwingine, na mimi nabaki kufunga majani ya tumbaku kwenye fito na kusubiri posa.

Fomu yao ilitaka mwombaji aeleze hali ya familia kwa maneno yake mwenyewe. Nikaeleza. Baba akavaa miwani, akasoma, akachukua kalamu. Niliandika kwamba paa linavuja, akasema linavuja upande mmoja tu. Niliandika kwamba kuna miezi tunakula mlo mmoja, akasema hiyo ni miezi ya palizi, nani ana muda wa kupika mara mbili. Niliandika kwamba bei ya tumbaku imeshuka. Hapo alikubali, lakini akataka niongeze kwamba itapanda. Alipomaliza kusahihisha, hata mimi nilianza kujiuliza tunaombea nini msaada. Nikaenda kuandika upya kwa shangazi, mjini Majengo, mbali na kalamu yake, nikaituma kwa simu ya shangazi kabla roho haijanisuta.

Zikapita wiki kadhaa, ujumbe ukaja. Nimepita hatua ya kwanza, imebaki moja: maafisa wa shirika watafika nyumbani kujionea kwa macho. Tarehe watampa mzazi, kwa sababu namba iliyo kwenye fomu ni ya mzazi. Wakati wanapiga, mimi nilikuwa tena Majengo kufuatilia kile cheti. Baba akanipigia kwa kitochi chake, akipaza sauti ya kuvuka mto.

"Mwana wanje, kesho mchana tuna wageni. Wakubwa. Uwahi."

Mwana wanje ni mwanangu, kwa Kirundi, na akiniita hivyo najua moyo wake umejaa. Nikamwambia baba, hao wanakuja kuona tunavyoishi, kwa hiyo msihangaike, muwe tu kama siku zote. Akasema hawahangaiki hata kidogo. Nikamwamini. Kosa ni langu na ninalikiri, maana nimelelewa na huyo mzee, nilikuwa namjua.

Kesho yake nashuka kwenye bodaboda, cheti mkononi, nikadhani dereva amenileta kwa watu. Mbele ya nyumba kulikuwa na ng'ombe watatu wamefungwa kwenye mpapai. Sisi hatujawahi kuwa na ng'ombe. Tuna kuku, na mbuzi mmoja mkorofi ambaye siku hiyo alikuwa amefungiwa nyuma ili asiwaaibishe. Ng'ombe wenyewe wanono, wananitazama bila wasiwasi, mgeni ni mimi. Nikaingia ndani. Makochi. Seti nzima, ya rangi ya maziwa, na vitambaa vya kufuma kila mgongo. Katikati meza ya kioo. Ukutani, juu ya kabati ambalo nalo silijui, tivii pana, karibu upana wa mlango wetu. Umeme haujafika kijijini kwetu, na sola yetu inawasha balbu moja na kuchaji kitochi. Waya wa tivii ulikuwa umekunjwa vizuri, umefichwa nyuma ya maua ya plastiki.

Nikaenda jikoni nimefura. Mama alikuwa anageuza kuku wa pili. Wa pili, nasema. Pembeni kulikuwa na samaki, migebuka ya Ikola, ile minene ambayo sisi sokoni huwa tunaisalimia na kupita. Nikauliza makochi ya nani. Ya jirani mwenye duka. Tivii? Ya jirani mwenye duka, na kabati na meza. Ng'ombe? Wa Msukuma wa ng'ambo ya kijito, ila mwenyewe ameomba warudishwe kabla ya saa ya kunywa maji. Soda nazo za dukani, zisizofunguliwa zitarudi. Nikamwambia, mama, jamani, hawa watu wanakuja kuangalia kama sisi ni maskini. Mama akaniangalia kama mtoto aliyesoma mpaka akapitiliza.

"Sasa ulitaka wakae kwenye ndoo?"

Na kusema kweli, ndivyo kwetu tulivyo. Mgeni akija kwa mmoja, kijiji kinachangia. Posa ikiletwa, makochi yale yanatembea. Akitokea mgonjwa wa kupelekwa mjini, baiskeli inatembea. Viti vyetu vinne vya mbao vimekwenda kwenye misiba mingi kuliko mimi. Hakuna anayeona ni udanganyifu, kwa sababu kila mtu anajua kipi ni cha nani. Tatizo ni mtu ambaye hajui, na ambaye ndiye mwenye chuo changu mkononi.

Nilikuwa bado naangalia ni kochi gani ningeweza kulisukumia chumbani peke yangu, gari likaingia. Wakashuka wawili, mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye begi kubwa, na mwanaume mwembamba aliyeshika kishikwambi kifuani. Baba akatoka na koti, na tai. Nilimsikia akiwaita waheshimiwa. Yule mwembamba akawatazama ng'ombe, akabonyeza kishikwambi. Kikalia, tii. Kumbe kila alichokiona alikibonyeza, na kila alipobonyeza kililia. Akaingia sebuleni, tii. Akakaa, akapapasa kitambaa cha kochi, tii. Akainua macho kwenye tivii, na hapo kililia mara mbili.

Baba, nakumbusha, ni mzee wa kanisa. Hasemi uongo. Mama wa begi akamsifia ng'ombe wake, baba akakubali kwamba kweli ni ng'ombe wazuri. Akaulizwa kama tivii ni nzima, akasema hajawahi kusikia imeharibika. Akaulizwa makochi aliyanunua lini, akasema, mama kula kwanza, umetoka mbali. Hakuna hata neno moja ambalo angelitubu Jumapili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimebeba jagi la kunawia, natoa macho, natikisa kichwa, nakohoa. Nilikohoa mpaka yule mama akaniuliza taratibu kama nimeshakwenda kupima kifua.

Nilitaka kusema. Sijui kwa nini nasema nilitaka, wakati mdomo ninao na unajulikana. Lakini kumwumbua baba yako wageni wakiwa na tonge mkononi ni kitu ambacho hata hasira zangu hazikukiweza. Nikabaki nahesabu zile tii moyoni, kila moja inanisogeza karibu na shamba la tumbaku.

Walipomaliza kula, mama wa begi akasema utaratibu unawataka wazungumze na jirani mmoja, tena jirani wachague wao. Akachungulia dirishani, akaichagua nyumba kubwa kuliko zote, yenye bati la rangi. Ya mwenye duka. Mimi ndiye niliyeambiwa nimsindikize. Yule mwembamba akabaki na baba na soda.

Mke wa mwenye duka alitufungulia, akatukaribisha sebuleni, na ile sebule ilikuwa tupu kabisa. Mkeka mmoja katikati. Sakafuni, pale makochi yalipokuwa, kulikuwa na mabaka masafi ya saruji yaliyozungukwa na vumbi. Ukutani msumari, na pembe nne za mahali ambapo rangi haijapauka. Akageuza ndoo, akaifuta na kanga, akampa mgeni akae. Mama wa begi akakaa kwenye ndoo, akazungusha macho, na nikaona huruma inamjaa, na huruma hiyo haikuwa yetu. Akainama kidogo, akauliza kama na yeye ana binti anayetafuta ufadhili. Mke wa mwenye duka akasema binti zake bado wadogo, asante. Basi akaulizwa anawafahamu vipi majirani zake wale, yaani sisi.

"Ni watu wazuri mno," akasema. "Ila nikuombe, mama, ukirudi pale uniangalizie wasimwagie soda makochi yangu."

Mama wa begi akaangalia mabaka ya sakafuni, akaangalia msumari, akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa. Tukaaga. Njiani alitembea mbele yangu, nikaona mabega yanatikisika, nikajua kwisha habari yangu, mtoto wa watu kaghadhibika mpaka analia. Alipogeuka alikuwa anacheka machozi yanamtoka. Akasema katika kazi ile ameona tivii iliyofichwa chini ya kitanda, pikipiki iliyopelekwa kwa mjomba, mpaka friji iliyofunikwa shuka na kuitwa mgonjwa. Watu wanatoa vitu nje. Nyie, akasema, ndio wa kwanza kuniingizia. Mimi sikucheka. Nilimwuliza tu kama bado naweza kupata.

Tulipofika nyumbani mama wa begi akamweleza yule mwembamba, maana jibu lilikuwa lake, na yeye hakuwa na utani. Alisema vitu ameshaviingiza na haviwezi kufutwa hivi hivi. Kishikwambi kina nafasi ya mwenye mali na nafasi ya asiye na mali, hakina nafasi ya aliyeazima. Njia iliyopo ni moja: mzazi atoe tamko, hapo hapo, lisomwe kwa sauti, na aweke saini. Bila hivyo familia inahesabiwa ina uwezo, na ombi linaishia sebuleni. Akalisoma lenyewe. Lilikuwa fupi. Natamka kwamba mali zilizoonekana si zangu, na kwamba sina uwezo wa kumlipia mwanangu elimu ya juu.

Baba aliweka glasi chini.

"Hilo siwezi kusaini."

Lazima nieleze, maana mtu asiye wa kwetu atamwona mkaidi tu. Nilipokuwa mdogo, wazee wa kwetu waliitwa mmoja mmoja mbele ya maafisa kwa habari ya uraia. Maswali yalikuwa mengi, lakini baba alivyoyasikia yeye, yote yalikuwa swali moja: wewe ukiachwa hapa, utajiweza? Na baba akajibu najiweza. Kabla ya siku hiyo alipaka nyumba chokaa na kuazima baiskeli mbili, akaziegemeza ukutani. Akapata uraia. Tangu hapo, kila aliyepita na karatasi, awe wa mbolea, awe wa vyandarua, baba amemwambia neno hilo hilo, najiweza, hatujawahi kuwa mzigo kwa mtu. Sasa huyu hapa mtu wa karatasi anamtaka aseme kinyume. Kwake ilikuwa ni kuwaambia wale maafisa wa uraia kwamba aliwadanganya.

Haya yote nayajua leo. Siku ile sikuyafikiria hata moja. Mori ulinipanda, nikaliweka jagi chini, nikasema mbele ya wageni, mbele ya mama, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Baba, wewe unataka kusifiwa, mimi nataka kusoma. Kama huwezi kusema huwezi, basi nilipie."

Niliona aibu kabla sijafika mwisho wa maneno yangu. Mama alisimama mlangoni na sahani, hakunikemea, na bora angenikemea. Baba alimgeukia mama wa begi, akamwomba amsomee lile tamko tena, polepole. Akasomewa. Akasikiliza akiwa ameketi wima kwenye kochi la watu, mikono magotini.

"Haya," akasema. "Siwezi. Nimelima toka nina nguvu za kushika jembe, na hili siwezi."

Yule mwembamba akamsogezea kishikwambi, asaini kwa kidole kwenye kioo. Baba akaandika jina lake lote, taratibu, na mwandiko wake mzuri wa daftari la kanisa. Kioo hakikuonyesha kitu. Kidole cha baba ni kigumu, kimekomazwa na mpini na majani ya tumbaku, na kioo hakikukisikia. Kile kidude kikarudi mwanzo, na kwa utaratibu wake ilibidi tamko lisomwe upya na mzazi akubali upya. Mzee, unakubali kwamba huna uwezo? Nakubali. Akaandika. Kioo cheupe. Yule mwembamba akakifuta kwenye shati, akaanza kusoma tena, na sasa hata yeye sauti ilikuwa imeshuka. Mzee, unakubali? Nimekubali, akasema baba. Mama akaja na maji ya kunawia, akakishika kile kidole, akakilowesha na kukifuta na kanga yake, akakikandakanda mpaka kikalainika kidogo. Mara ya tatu mstari ukatokea, umepinda, haufanani na jina lake wala la mtu yeyote. Kishikwambi kikalia tii. Yule mwembamba akaomba soda nyingine.

Wageni walipoondoka, ilibidi turudishe utajiri. Ng'ombe walikuwa wameshachelewa maji na wamekula mapapai machanga yote, na Msukuma mwenyewe akaja kuwachukua, akatuuliza kwa heshima kama wamefaulu. Makochi tulibeba sisi. Baba alishika upande mmoja wa lile refu, akiwa bado na tai, mimi nikashika wa pili, na kutoka kwetu mpaka kwa mwenye duka hatukusema neno zaidi ya kona na mlango. Siku ya tatu nilimwomba radhi tukiwa shambani. Akasema jembe langu limelegea mpini, nilete alikaze. Nikalileta, akalikaza, tukaendelea.

Jibu lilikuja kwa simu. Baba haamini mambo ya kwenye kioo, na baada ya siku ile sikuwa na uso wa kumlazimisha, kwa hiyo nilikwenda Majengo kuichapisha barua kwenye karatasi. Nilirudi nikamkuta ameshavaa miwani. Mke wa mwenye duka alikuwa amefika, Msukuma amesimama mlangoni, mama ameketi kwenye kiti chetu wenyewe cha mbao. Baba akanivuta nikae karibu yake, akasema nisome kwa sauti.

Nikasoma jina langu lote. Nikasoma kwamba wana furaha kunijulisha kuwa nimepewa ufadhili wa miaka yote ya masomo. Mke wa mwenye duka akapiga vigelegele, mama akajifunika uso na kanga. Macho yangu yakawa yameshatangulia kwenye sentensi iliyofuata: uamuzi huu umetokana na tamko la mzazi wako kwamba hana uwezo wa kukulipia elimu ya juu. Niliangalia wale watu wote, nikairuka. Nikaingia moja kwa moja kwenye siku ya kuripoti chuoni na vitu vya kubeba, na hakuna aliyegundua.

Baba akaweka mkono juu ya karatasi.

"Umeruka hapa."

Nikamwambia kwa Kirundi, chini chini, kwamba si kitu, baba, ni maneno yao tu ya ofisini. Akatikisa kichwa.

"Soma, mwana wanje. Hayo ni maneno yangu, na ndiyo yaliyokulipia."

Nikayasoma.